Deni Lenye Mdomo

Kochi likiingia karakana ya Mama Springi mchana, jioni limekwisha vuliwa nguo. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake ya kazi, na aliishika kuliko watu wanavyoshika maagizo ya daktari. Mteja akishatoa kianzio na kugeuza mgongo, fundi wetu anachukua koleo, anang'oa pini, anachana kitambaa cha zamani, anatupa sponji kando, mpaka zinabaki mbao na springi zilizotoa macho. Wakati huo gari lililoleta kochi hata kona halijakata.

Msidhani alikuwa na haraka ya kulishona. Kushona ni habari nyingine. Alilivua kwa sababu kochi lililovuliwa halirudi nyumbani. Mwenyewe anaweza kuja juu, anaweza kufoka, anaweza kutishia kulipeleka kwa fundi mwingine, lakini ni nani atakayepita mtaani na mifupa ya kochi mbele ya majirani? Atanuna, ataondoka, atarudi wiki ijayo kuuliza. Mbinu hiyo alifundishwa na fundi aliyemlea kazini, na mafundi makochi wote wa mtaa ule waliitumia, ingawa ukiwauliza watakuruka kimanga.

Shida ni kwamba kochi lililovuliwa linakula nafasi ile ile ya kochi zima. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu na chembamba, zamani ghala la chupa tupu, chenye mlango mmoja mbele na dirisha la nondo nyuma. Wiki ninayoisimulia kulikuwa na makochi saba mle ndani, yote uchi, mengine yamepandishwa juu ya mengine hadi karibu na dari. Kutoka mlangoni mpaka kwenye mashine, iliyokuwa nyuma kabisa, Springi alipita ubavu-ubavu amebana tumbo, gauni likinaswa na misumari. Wateja walisimama mlangoni wakaongea naye kwa sauti ya juu, kama watu waliokuja kumwona mfungwa. Naye aliwajibu kutoka kule nyuma, "Jumamosi, mama, Jumamosi bila kukosa," na Jumamosi yenyewe ya mwezi gani hakuitaja.

Jina la Springi alilipata kihalali. Alikuwa na kipaji cha kukaa juu ya kochi lolote, akajitikisa mara moja, akakuambia ni springi ya ngapi iliyokufa. Mkono wake ulikuwa mzuri. Hilo nalisema mapema, maana yanayofuata hayakumpata kwa kutojua kazi.

Sasa mashine. Nayo ina historia yake.

Mwaka mmoja na nusu nyuma, Springi alikuwa akishona kwa cherehani ya kawaida ya nyumbani. Ukiipitisha kwenye ngozi inavunja sindano, ukiipitisha kwenye kitambaa kizito inalia, na seti moja ya makochi ilimla wiki mbili. Akaenda kwenye ushirika wa akiba na mikopo. Afisa mikopo wa pale alikuwa mzee mwembamba aliyetembea na mafaili kwapani hata akienda kununua sukari, na mtaa mzima ulimwita Bwana Faili. Alimkalisha Springi, akamuuliza maswali mpaka akachoka. Mashine inafanya nini? Kwa wiki itamaliza seti ngapi? Uzi unanunua wapi? Ukiugua, nani atashona? Halafu akaja mpaka karakana, akakaa juu ya ndoo saa mbili nzima akihesabu sindano zinazovunjika. Springi alirudi nyumbani amefura.

"Mkopo wa mashine tu," alimwambia wifi yake, "ananihoji kama mtu anayetaka kunioa."

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa muuza mayai. Alicheka mpaka trei likatikisika. Kisha akakubali kumdhamini, na kumdhamini maana yake ilikuwa hii: akiba yake pale ushirika, aliyoiweka yai kwa yai kwa miaka sita, ilisimama nyuma ya mkopo wa Springi. Springi akikosa marejesho matatu, ushirika unachukua mashine, unaiuza kwa bei itakayopatikana, na pengo linalobaki linakatwa kwenye akiba ya wifi. Bwana Faili aliwaeleza hayo mara mbili, polepole, na wote wawili wakasaini.

Mashine ikaja, na ilikuwa mashine kweli. Ngozi iliipita kama inapita kwenye siagi. Kwa wiki ilitoa seti mbili, na rejesho la mwezi mzima lilikuwa sawa na malipo ya ufundi wa seti moja tu. Zilizobaki zilikuwa zake Springi na watoto wake. Miezi kumi na mitatu alilipa bila kukosa hata siku moja.

"Hili deni lina mikono," wifi yake alisema siku moja, akiitazama mashine ikikimbia. "Linafanya kazi, linajilipa lenyewe, na chenji linakuachia."

Deni lenyewe lilikaa kule nyuma kimya. Halikupiga simu wala kutuma ujumbe. Bwana Faili akipita mlangoni alisalimia, akauliza hali ya watoto, akaenda zake.

Deni la pili liliingilia sebuleni. Kochi la nyumbani kwa Springi lilikuwa limechakaa kiasi kwamba hata paka alilisusa. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alirudi mara moja kwa mwezi akaona afadhali akae mkekani. Siku moja Springi alikwenda dukani kununua uzi, akaona jora la mahameli ya zambarau, roho ikamtoka. Bei yake ilimfanya akohoe. Akiwa bado anaishika, simu ikamletea tangazo: mkopo ndani ya dakika tatu, hakuna mdhamini, hakuna maswali. Na kweli hakukuwa na maswali. Kulikuwa na kitufe kimoja tu kinachoomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yake, akakibonyeza bila kusoma, kama sote tunavyobonyeza. Dakika tatu hazikutimia. Akatoka dukani na mahameli kwapani na siku saba za kulipa.

Mahameli ni kitu kizuri, sikatai. Mumewe aliporudi alivua viatu kwanza ndipo akakaa juu yake, na Springi alifurahi kuliko siku aliyoolewa. Lakini kochi la sebuleni halishoni kochi jingine. Siku ya saba hakuwa na pesa. Siku ya nane ikaja faini, na ya tisa faini juu ya faini. Siku ya kumi alilipa kwa kujinyima, na siku ya kumi na moja akakopa tena, kwa sababu alichojinyima kilikuwa chakula.

Kutoka hapo akaanza kugusa vianzio. Kianzio cha mteja, mtu asiyejua aelewe, si pesa ya fundi. Ni pesa ya kitambaa na sponji ya kochi la huyo huyo mteja. Springi alichukua kianzio cha kochi la kwanza akalipa simu. Akapokea kochi la pili ili apate kitambaa cha lile la kwanza, simu ikaita, na kianzio hicho nacho kikaenda. Akapokea la tatu. Ndivyo yalivyofika saba: anapokea, anavua, analipa simu, anapokea. Na mashine, iliyokuwa tayari kutoa seti mbili kwa wiki, ilikaa bila kazi kwa kukosa kitambaa.

Kwa kuwa ushirika haukupiga kelele, ushirika ndio uliokosa. Ukapita mwezi wa kwanza bila rejesho, ukapita wa pili. Barua za Bwana Faili alizipokea kwa mikono miwili kutoka kwa tarishi, akazichomeka chini ya sponji bila kuzifungua. Alijiambia kwamba yule mzee ni mtu wake, ataelewa, ngoja kwanza niwanyamazishe hawa wengine. Lakini akimwona barabarani na mafaili yake alikata kona, hata kama kona yenyewe ilimtupa kwenye uchochoro usio na mwisho, akasimama mle akitazama ukuta mpaka mzee apite.

Rejesho la tatu mwisho wake ulikuwa Ijumaa asubuhi, ofisi ikifunguliwa.

Alhamisi asubuhi, mungu wa mafundi akamkumbuka. Alikuja mwenye mgahawa, mtu mfupi mwenye haraka, na gari lililobeba viti vinane vya mgahawa.

"Ngozi, fundi. Vyote vinane. Ulimshonea kaka yangu, nimeona kazi yako. Kianzio nakutumia kwenye simu sasa hivi, kitambaa ununue mwenyewe."

Kikaingia. Springi aliitazama simu mara tatu. Kilikuwa kinatosha marejesho matatu kamili, na kidogo cha uzi juu yake. Viti vilishushwa vikapangwa pale mlangoni, maana ndani hapakuwa na pa kuweka hata sindano, na mwenye mgahawa akaondoka mbio kama alivyokuja.

Mara hii Springi hakushika koleo. Alikaa juu ya ndoo akapiga hesabu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi ilikubali. Alipe ushirika marejesho yote leo. Mashine ibaki. Anunue ngozi kwa mkopo kwa muuza ngozi, ambaye alimwamini, ashone viti vinane kwa siku nne, malipo yaliyobaki yanunue vitambaa vya makochi mawili, mawili yatoke, yalete pesa ya mengine mawili. Njia ilikuwapo. Ilikuwa nyembamba kama ile ya kupitia kati ya makochi, lakini mtu anapita. Alichukua mkoba wake, akabana tumbo, akaanza kusogea kuelekea mlangoni aende ushirika.

Akakutana na wifi yake anaingia.

"Wifi, umeanza kufuga mifupa?" alisema muuza mayai, akiruka kiti kimoja na kuinama chini ya kingine, trei mikononi. "Nitakaa wapi mimi nisitobolewe?"

"Kaa popote. Makalio hayo springi ndiyo itakayopinda."

Wakacheka. Wifi alikaa kwenye mkono wa kochi, akaweka trei magotini. Uso wake ulikuwa umechanua siku hiyo, na hakungoja kuulizwa.

"Mwezi ujao ni zamu yangu. Bwana Faili amekuja kuona banda. Amehesabu kuku mmoja mmoja, mpaka jogoo akamkasirikia."

"Unakopa?"

"Vizimba vya kuku mia mbili wa mayai. Nimepiga hesabu mpaka ya pumba. Akiba yangu ikikaa kama ilivyo, napewa mara tatu yake." Akamgusa Springi gotini. "Nimejifunza kwako, ujue. Nilikuwa naogopa mikopo kama ugonjwa, mpaka nilipoiona hiyo mashine. Wewe umebakiza marejesho mangapi?"

"Machache," Springi akasema.

Simu ikaita.

"Habari za asubuhi, dada." Ilikuwa sauti ya kijana wa kike, tamu, ya mtu anayeweza kukutangazia sabuni ukainunua. "Unaongea na kitengo cha ufuatiliaji. Deni lako linafika mwisho leo saa sita mchana."

"Nitawapa nusu leo," Springi alisema kwa sauti ya chini, amegeukia ukuta.

"Nusu hatupokei, dada. Naomba tu unisaidie kuhakiki majina kabla hatujatuma ujumbe, tusije tukakosea. Huyu 'Baba Watoto' ni mume?"

Springi aliibana simu sikioni, Wifi asisikie.

"Nimeweka ndiyo. 'Mwalimu Darasa la Nne.' 'Mteja Kochi Jekundu.' 'Mteja Kochi Kubwa.' Na huyu 'Wifi Mayai', ni nani kwako, dada?"

Wifi Mayai alikuwa hatua mbili kutoka pale, anapangusa yai kwa ncha ya khanga. Akainua macho.

"Nani huyo?" akanong'ona.

"Mteja," Springi akajibu.

"Tuanze na huyo, dada?" ikauliza sauti.

Ningependa kuwaambia kwamba Springi alifikiri. Nimemfikiria mara nyingi na kumtafutia udhuru, na bado linaniudhi. Aliyekuwa amekaa mbele yake ndiye aliyepaswa kuambiwa, na alikuwa amekaa kwa raha, hana haraka, ana mayai ya kuuza na sikio la kusikia. Ilitosha kumwambia, Wifi, nimekwama. Lakini aibu haina akili. Aliona ule uso uliochanua ukinyauka mbele yake, akaona bora lolote lingine duniani litokee, mradi lisiwe hilo, na lisiwe sasa.

Alijipenyeza nyuma ya makochi mpaka dirishani, akabonyeza tarakimu za malipo. Deni la simu pamoja na faini zake lilimeza kianzio cha mwenye mgahawa chote, ikabaki ya uzi.

"Asante sana, dada. Uwe na siku njema," ilisema sauti, na ilimaanisha.

Kabla hajavuta pumzi, ujumbe ukaingia. Hongera, mteja wetu mwaminifu, kiwango chako cha mkopo kimepanda. Akakitazama kiwango. Kilikuwa sawasawa na marejesho matatu. Kubonyeza kulikuwa kazi ya sekunde, na alibonyeza pale pale dirishani, amezungukwa na mbao, akijiambia kwamba hii ni kuzunguka tu, pesa ni ile ile. Lakini simu hukata ada yake mwanzoni, kabla hujaigusa. Yaliyoingia yalikuwa marejesho mawili na vijisenti.

Wifi alikwisha kusimama. Alimwachia mayai mawili ya watoto juu ya mashine, akatoka ubavu-ubavu akicheka peke yake.

Ijumaa asubuhi Bwana Faili alikuja na wapagazi wawili na gari dogo la mizigo. Springi alimwona kutoka kule nyuma. Mlango ulikuwa ule mmoja, na mzee alikuwa ameuziba.

"Hujambo, mama," alisema mzee. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nimekuja kwa ile barua."

"Ninayo marejesho mawili, mzee. Pokea mawili, la tatu nitaleta Jumatatu."

"Barua inasema yote matatu."

"Barua gani?"

Bwana Faili alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hii ni ya tatu. Ya pili ilikuwa na fomu."

Springi aliingiza mkono chini ya sponji akazitoa. Alifungua ile ya pili mbele yake kwa ukucha. Fomu ilikuwa ukurasa mmoja: jina, sababu, na idadi ya miezi mwanachama anayoomba kusogezewa. Mwisho mitatu. Chini iliandikwa kwamba hakuna faini kwa anayeomba kabla ya siku.

"Ungeijaza ningeisaini," alisema mzee. "Mwaka huu nimesaini kumi na nne. Mmoja aliandika sababu yake ni uchovu, nikasaini. Lakini mtu asiyeleta kitu wala neno, kamati inahesabu amekimbia. Na wewe, mama, umenikimbia kweli. Juzi uliniona ukaingia kwa kinyozi wa wanaume."

"Niliona aibu."

"Kwangu mimi?" Alionekana kushangaa kwa dhati. Kisha akainamia simu aliyoishika Springi. "Hayo mawili umeyapata wapi?"

Springi aliigeuza simu kifudifudi.

"Kama ni ya simu, yarudishe leo hii hii, kabla hayajaanza kuongea."

Hata kuyarudisha hangeweza. Kuyarudisha kulitaka kiwango kizima, ada ikiwemo, na yeye alipewa pungufu. Alisimama katikati ya mbao na simu mkononi, hawezi kulipa huku, hawezi kurudisha kule.

Wapagazi wakaingia, wakatoka. Mashine ilikuwa nyuma kabisa na nzito, na kati yake na mlango yalikuwa makochi saba na viti vinane. Hapakuwa na njia nyingine. Kwanza vikatoka viti. Kisha likatoka kochi moja, likawekwa kando ya barabara. La pili. La tatu. Mpaka yote saba yamejipanga juani mbele ya maduka, springi nje, matambara yananing'inia, wapita njia wamesimama kama wameitiwa mnada.

Muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwa anatoka kununua dawa alisimama mbele ya la nne. Alilijua kwa mguu wake mmoja, ambao marehemu mumewe aliuchonga kwa mti wa rangi nyingine.

"Hili langu!" alisema. "Miezi mitatu unaniambia unangoja kitambaa kishuke bandarini! Hata uzi hujagusa!"

Akatoa simu yake. Alimjua mwenye kochi jekundu, na mwenye kochi jekundu alimjua mwenye kochi kubwa. Jua halijafika utosini wenye makochi watano walikuwa wamefika, kila mmoja amesimama na mifupa yake, kila mmoja anataka kianzio chake. Yote ambayo ile sauti tamu ingeyatangaza, karakana iliyatangaza yenyewe, na bila kutoza ada. Springi alikaa kwenye fremu moja ya kochi pale nje. Aliwajibu wote neno moja, nitalipa, nitalipa, mpaka neno lenyewe likaishiwa na maana.

Mashine ilipita mbele yake mikononi mwa wapagazi, ikapandishwa garini. Bwana Faili alimwandikia stakabadhi kwa mwandiko mzuri.

"Itakaa ofisini siku kumi na nne kabla ya kuuzwa," alisema. "Na lazima nimwarifu mdhamini leo. Nilitaka nikitoka hapa nipite kwake."

Hakuhitaji kupita. Wifi alikuwa anakuja mbio kutoka sokoni, mikono mitupu, trei ameliacha kwa jirani. Alitazama gari, akatazama mashine juu yake. Bwana Faili alifungua faili akamwonyesha, naye akafuata mistari kwa kidole mpaka akafika kwenye saini yake mwenyewe. Alikaa pale kidole kikiwa juu ya saini. Mzee alimwambia kitu cha taratibu kuhusu zamu yake ya mwezi ujao, kwamba akiba ikiguswa zamu inaahirishwa, kwamba itabidi aanze upya kuhesabiwa. Wifi aliitikia kwa kichwa.

Kisha akaja akakaa kwenye fremu, kando ya Springi. Wateja walikuwa bado wanafoka. Gari likaondoka.

"Marejesho mangapi hukulipa?"

"Matatu."

"Jana nilipokuwa nimekaa ndani, pesa ulikuwa nayo?"

Angeweza kudanganya. Nguvu ya kudanganya ilikuwa imekwisha. "Nilikuwa nayo. Yote matatu."

"Ikaenda wapi?"

"Kwa wale waliopiga simu. Hakuwa mteja, Wifi. Ni mkopo mwingine. Nilikopa nikashone kochi la nyumbani."

Wifi alimgeukia, maana aliona hajamaliza.

"Walisema watawaambia watu," Springi akasema. "Walikuwa na majina yote, wanayasoma. Walisema wanaanza na wewe. Ndiyo maana nikawalipa wao, ili usijue."

Muuza mayai aliunganisha mikono yake magotini, mahali ambapo kwa kawaida kulikuwa na trei. Alitazama barabara upande lilikoelekea gari.

"Wangeniambia nini?"

"Kwamba nadaiwa."

"Basi ungewaacha waniambie," Wifi akasema. "Ningejua, tungekwenda wote kwa mzee. Na mashine ingekuwa ndani."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Muuguzi alikuwa anapiga kelele upande mmoja, mwenye kochi kubwa upande mwingine, na Springi aliwageukia hao hao, akampa Wifi mgongo, akawaambia tena kwamba atalipa.